Matoazi ya Kizazi Hiki

9 Januari

Mpwa wangu,

Salamu nyingi kutoka ghorofa ya tatu. Mimi mzima, ukiacha goti la kushoto ambalo siku hizi lazima nilibembeleze kabla ya kupanda ngazi. Mama wa chini, jirani yangu, amepata mjukuu, na amenikabidhi kazi ya kumsifu kila asubuhi. Mtoto ana sura ya wakili aliyeshindwa kesi. Nimesema ni mzuri. Baba yako hajambo? Mwambie dada yake anamsalimu, wala hajamsusa. Laini yangu ya simu ndiyo mbovu. Akipiga nasikia mkwaruzo tu, kama mtu anasugua sufuria. Barua ni bora, haimezi maneno.

Sasa lenyewe. Kanda ya albamu yenu imefika, na nimeisikiliza juma zima, nimekaa wima mbele ya spika kama mzazi aliyeitwa shuleni. Nianze na sifa, ingawa najua utaziruka ufike kwenye lawama. Koo lako limekomaa. Zamani ulinguruma kama mtu anayetaka watu wajue kwamba ananguruma. Sasa unanguruma kama mtu mwenye shida, na hapo ndipo metali ya kifo, huu muziki wetu wa gitaa nzito, inapoachana na kelele za vijana waliogombezwa na mama zao. Besi ya Fundi Viatu inatembea chini ya gitaa lako bila kutafuta sifa. Na wimbo wa tatu, ule wa polepole, ningekubali kuzikwa nao.

Lakini matoazi, yale masahani ya shaba ya mpiga ngoma, yako wapi? Mguu wa Nyundo, mpiga ngoma wenu, nausikia kwenye ngoma kubwa, ngozi za ngoma nazisikia, juu hakuna kitu. Mmejenga nyumba nzuri mkasahau paa. Kumbuka *Kaburi Halina Kitasa*, santuri niliyokuwekea ile likizo uliyokuja kukaa kwangu, ukarudi kwa baba yako na fulana nyeusi na kesi ya kujibu. Ilirekodiwa kwenye ghala la mbao, fundi wao alikuwa mlevi, na bado toazi likipigwa unalisikia linaanza upande mmoja wa chumba na kuishia upande wa pili, kama mvua inayohama juu ya bati. Kizazi hiki mna mitambo yote ila subira ya matoazi hamna.

Yapandishe sauti. Yapandishe mpaka yaume. Usimwogope mtu.

Shangazi yako


2 Februari

Shikamoo Shangazi,

Huku hatujambo. Mama anakusalimu, anauliza goti limeshapelekwa kwa daktari au bado unalibembeleza. Kazini tumepata oda ya vioo vya shule nzima, nakata kutwa, jioni vidole vinanuka mafuta ya taa ya kulainishia kikatio. Nimejikata kidogo, lakini si kidole cha gitaa.

Baba amemaliza kupaka rangi chumba cha uani. Rangi ya maziwa. Ameweka kitanda, meza, na mkeka mpya. Anasema ni cha wageni, na wote tunajua mgeni gani. Juzi kwenye chakula karudia yale yale: "Siku mwili wake ukimkatalia, sitamwuliza. Naenda kumchukua mwenyewe." Mama akamwambia dada yako si mzigo wa stesheni. Akaendelea kula. Nakuandikia ili ujue mambo yalivyo.

Matoazi nimeyapandisha. Fundi sauti aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikamjibu kwamba sikio lililosema hivyo lilikuwa likisikiliza metali wakati yeye hajaota meno. Nyundo alisikiliza hadi wimbo ukaisha, akasema, "Hii si ngoma. Hili ni kabati la vyombo linaanguka ngazini."

"Ni agizo la Shangazi," nikamwambia.

"Basi Shangazi aje apige yeye."

Usimchukie, unajua anavyokupenda. Tumeshapeleka kazi kwa mwenye kampuni ya santuri. Akiipenda, itatoka santuri kamili, ya kwanza kwetu. Na kwa tulivyochoka, Shangazi, nadhani akiikataa hatutarekodi nyingine.

Mwanao, Mkata Vioo


27 Februari

Mkata Vioo wangu,

Marahaba. Goti limekwenda kwa daktari, likarudi na ushauri wa kupunguza ngazi. Nimemwuliza nipunguze za juu au za chini. Mama wa chini amenitengenezea uji kwa sababu birika langu, lile la kupiga filimbi, limeungua likakauka mpaka kitako kikatoboka. Vitu vya siku hizi havidumu. Jikoni kumebaki na harufu, ukuta una weusi kidogo, basi. Usimweleze baba yako. Atafikiri nyumba imeteketea.

Mwambie pia rangi ya maziwa inaonyesha kila alama ya kidole. Ni ushauri tu wa mtu asiyekusudia kukaa humo.

Umefanya vyema kunisikiliza. Nyundo atanishukuru. Ili ujue siwaonei ninyi tu, nimenunua albamu mbili mpya ambazo magazeti yamezisifu mpaka aibu. Ya kwanza, *Chumvi Juu ya Mfupa*, ni ya vijana wanaocheza kwa kasi kama wamekodishiwa ukumbi kwa dakika. Gitaa safi, hasira ya kweli, mashairi ya kitoto. Matoazi yamekufa. Ya pili, *Kiti cha Hakimu*, ni metali nyeusi, ule muziki wa giza na baridi, ya mtu mmoja aliyejifungia chumbani na huzuni yake. Huyu nimempenda. Ana wimbo wa katikati ambao hauendi popote, na hutaki uende. Lakini hata yeye, juu kumefungwa blanketi. Sijui ni ugonjwa gani umewaingia wapiga ngoma wa dunia hii.

Shangazi yako


30 Machi

Shikamoo Shangazi,

Sisi wazima. Mama ana mafua. Baba amepiga simu yako Jumapili tatu mfululizo. Mara moja ilipokelewa, anasema, ukasema "haloo, haloo" yeye akiongea, kisha ukakata. Alibaki ameishika simu mkononi kama mtu aliyepewa kitu akishike kidogo na mwenyewe asirudi.

Mwenye kampuni amekataa.

Alituita ofisini kwake, chumba kidogo chenye maboksi ya santuri hadi dirishani. Akanivika hedifoni mwenyewe, akaweka wimbo wa kwanza, akaniangalia usoni. Shangazi, niliivua kabla ya kiitikio. Akasema, "Umeona? Na wewe ndiye uliyeutunga." Ametupa muda hadi mwisho wa Juni tuirekebishe. Nje, mbele ya duka la matairi, Nyundo akanigeukia: "Miaka yote nimepiga ngoma zako. Siku moja tu nimekuomba unisikilize mimi, ukamsikiliza mtu aliye mbali kuliko posta." Tangu siku hiyo haji mazoezini. Fundi Viatu anakuja, anakaa, anashona kiatu cha mtu, anaondoka.

Natuma kanda mbili. Ni wimbo ule ule, wa tatu. Moja ina alama nyekundu, nyingine bluu. Nijibu kitu kimoja tu: ipi ina matoazi mazuri zaidi?

Naomba unijibu hilo.

Mwanao


5 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua imechelewa, nilikuwa na mambo. Mpe mama yako pole ya mafua, ingawa yatakuwa yameisha. Mjukuu wa chini ameota jino, kwa hiyo sura ya wakili sasa imepata la kung'atia.

Nimesikitika kuhusu mwenye kampuni. Watu wa aina yake nawafahamu. Katika ile miaka niliyosahihisha chapa za vitabu nilikutana na wachapishaji waliokuwa wakikata sura ya mwisho kwa sababu karatasi zimepungua. Nilikuja mji huu kukaa miezi sita tu, nikiwa na sanduku moja la nguo na moja la santuri, na la nguo ndilo nililolisahau kwenye treni. Sijawahi kujuta. Nakueleza ili uelewe ni nani unayemtilia mashaka.

Hukuniuliza kuhusu *Kaburi Halina Kitasa*, lakini nitakujibu. Wimbo wa pili, baada ya gitaa kunyamaza, kuna toazi dogo upande wa kushoto linaguswa mara tatu, mara ya tatu kwa wepesi kuliko zile mbili, kama mpigaji amebadili nia mkono ukiwa hewani. Wimbo wa sita, toazi kubwa lina ufa, unausikia ufa wenyewe ukitetema. Mtu anayeweza kukueleza hayo hahitaji kutumiwa mtihani wa rangi.

Kanda zako nimezisikiliza. Nyekundu ina nidhamu. Bluu ina ujasiri. Mwenye busara angechukua nidhamu ya moja na ujasiri wa nyingine. Koo lako ni zuri kwenye zote mbili. Besi ni nzuri kwenye zote mbili.

Sipendi kupimwa, mwanangu. Nimepimwa na wengi, mipakani na maofisini, wakiwa na mihuri.

Shangazi


20 Mei

Shikamoo Shangazi,

Nimeandika barua hii nikaichana, na hii ni ya pili. Mtoto hamkagui mkubwa wake, hilo nililelewa nalo, na kwa sehemu ulinilea wewe. Nisamehe kwa nitakayoyasema.

Kanda nyekundu haina toazi hata moja. Fundi sauti aliyazima yote. Kanda ya bluu ndiyo ile iliyomfanya mwenye kampuni atufukuze. Mama, ambaye anauita muziki wangu "ajali," alizitofautisha akiwa jikoni anakaanga vitunguu.

Nimetoa barua zako zote za miaka miwili nikazisoma tena. Ukisifu albamu ya zamani, matoazi yapo, tena mpaka nyufa zake. Ukisema juu ya albamu mpya, ya mtu yeyote, nchi yoyote, matoazi yamekufa. Nilikuwa nadhani ni msimamo wako. Niliwaambia wenzangu, Shangazi ana msimamo. Lakini za zamani unazisikia kwa kumbukumbu, Shangazi. Ni hizi mpya tu unazozisikia kwa masikio.

Na birika lilikuwa la filimbi. Lilikauka likatoboka, na wewe ulikuwa chumba cha pili.

Jana Baba ameniita nje. Akaniuliza, "Dada yangu ana nini?" Nikasema laini mbovu. Akasema, "Laini gani inaharibika mwaka mzima?" Ananijua nikidanganya. Ameshauliza bei ya tiketi.

Simdanganyi baba yangu kwa raha, na wewe sikusaliti kwa raha. Nipe neno la kumwambia. Nikikosa neno lako nitamwambia ninalolijua mimi, na ninalolijua mimi litamfikisha mlangoni kwako na sanduku tupu.

Mwanao


3 Juni

Mwanangu,

Leo sina habari za jirani.

Sisikii vitu vya juu, zile sauti nyembamba. Vilianza kuondoka mwaka juzi, ndege kwanza, kisha kengele ya mlango, kisha nusu ya kila neno kwenye simu. Simu niliilaumu kwa sababu ilikuwa pale na haikuweza kujitetea. Lakini kuhusu matoazi yako sikukudanganya mwezi wa kwanza. Niliamini nilichoandika. Nikiweka *Kaburi* sindano ikishuka tu matoazi yanakuja yote, yamekaa mahali pake, kumbe ni mimi ninayeyaleta. Yenu nilikuwa sijawahi kuyasikia, sikuwa na cha kuleta. Nikadhani ni kizazi. Ilipofika kanda ya bluu na nyekundu nikajua, na yale niliyoyaandika Mei niliyaandika nikijua. Hiyo ndiyo barua unayostahili kuniudhikia.

Jumatatu nilikwenda kupimwa masikio. Nesi alinivika hedifoni, akaniambia, "Bibi, ukisikia, bonyeza." Nikasubiri, kidole tayari. Baada ya muda nikamwuliza ataanza lini. Akanigeuzia karatasi: ameshamaliza upande wa kulia. Mstari unakwenda sawasawa kama barabara, halafu unatumbukia.

Baba yako nimemwandikia leo hii, kwa posta hii hii. Usimweleze chochote, umeshatuliwa mzigo. Nimemwambia kwamba kushindwa kusikia toazi si kushindwa kupanda ngazi. Nimenunua birika linalojizima lenyewe. Mama wa chini ana ufunguo wangu. Nitapewa mashine ya masikio, nayo itasaidia maongezi kuliko muziki, ndivyo walivyoniambia. Akija kunitembelea nitampikia. Akija kunichukua atakuta mlango umefungwa, na safari hii sitasingizia kwamba sikusikia hodi.

Rudisha matoazi yalivyokuwa kabla yangu. Barua hii mpe Nyundo aisome, yote. Nilimharibia kazi yake nikiwa na uhakika kamili, na uhakika ndio ulioharibu.

Kwenye sauti nzito za chini bado nipo. Chini karatasi inasema nasikia kama msichana. Kwa hiyo mwambie pia kwamba kwenye wimbo wa tano mguu wake unachelewa, tangu pale gitaa linaporudi, na anachelewa kwa sababu amechoka, si kwa sababu anataka. Arudie.

Mkipata kutoa santuri, nitumie. Nitasikia nusu. Nusu nyingine niandikie wewe: matoazi yanafanya nini, wimbo kwa wimbo. Usipambe. Nimekula mshahara wa usahihishaji maisha yangu yote, nitajua ukipamba.

Shangazi yako


16 Agosti

Shikamoo Shangazi,

Sisi wote wazima. Nimechelewa kwa sababu nilitaka kutuma vyote pamoja. Santuri imo humu, katikati ya kadibodi mbili ninazofungia vioo kazini, kwa hiyo ikifika imevunjika, lawama ni ya posta.

Baba aliisoma barua yako akiwa amesimama. Akakaa, akaisoma tena. Akala. Baada ya kula akaniambia, "Umejua tangu lini?" Nikasema, tangu Machi, kwa kukisia. Akasema, "Mimi nimejua tangu ile simu. Nilikuwa nangoja aniambie." Siku ya nne alikwenda kununua tiketi, nami nikamfuata hadi dirishani, kwa sababu nilikuwa nimeshaamua nitabishana naye mbele za watu kama ikibidi. Alilipia kwenda mtu mmoja. Kurudi, mtu mmoja. Karani akamwuliza kama ni hivyo tu. Baba akasema, "Ni hivyo tu. Mwenzangu ana kwake." Anafika Oktoba. Anasema umpikie kweli. Chumba cha uani Mama amekigeuza stoo ya vitunguu, na hakuna aliyepinga.

Nyundo aliisoma barua yako karakanani kwangu, amekaa juu ya kreti la vioo ambalo nimemkataza kulikalia. Alipofika kwenye wimbo wa tano akacheka mpaka akaiweka chini. "Huyu mama ni kiziwi wa aina gani? Mguu huo nimeuficha kwa kila mtu." Amerudia wimbo wa tano. Mwenye kampuni hakusema ameipenda. Alisema, "Sasa ni yenu," akapiga simu kiwandani.

Kuhusu matoazi, mimi nilijaribu kuandika, nikaanza na "yanang'aa." Nyundo akaishika kalamu yangu. "Yanang'aa ni taa. Andika ninavyokwambia." Kwa hiyo haya ni maneno yake, mimi ni mkono tu.

Wimbo wa kwanza: yanakaa kimya hadi koo linaponguruma mara ya pili, halafu yanaingia yote pamoja, kama watu waliokuwa wamejificha chumbani. Wa pili: hakuna jipya, mwambie Shangazi asipoteze muda. Wa tatu, ule anaoupenda Shangazi: toazi moja tu, nalipiga pembeni kabisa kwa mti wa fimbo si kwa kichwa chake, na linatoa mlio mdogo mkavu, kama mtu anayehesabu kitu ambacho hataki kijulikane. Wa nne ni fujo, na ni fujo niliyoitaka. Wa tano nimechoka, na sasa nimechoka kwa wakati.

Wa sita, wa mwisho. Hapa Nyundo alisimama akatembea karakana nzima kabla ya kusema. Mwambie koo linaisha, besi inaisha, gitaa linaisha. Yeye atadhani wimbo umekwisha, kwa sababu chini hakuna kitu tena. Lakini nimepiga toazi kubwa mara moja na sikulishika. Kwa kawaida ningelishika kwa mkono linyamaze. Hili nimeliacha lijifie lenyewe, na limechukua muda, fundi sauti akawa ananionyesha saa.

Kwa hiyo, Shangazi, gitaa likinyamaza usiinue sindano. Bado linalia.

Mwanao,
Mkata Vioo, kwa mkono. Nyundo, kwa maneno